Uliza Mzee wa Laini: Kituo cha kupoza umeme kinakuja, nani kaamua na sisi tunaingia wapi?

Safari hii barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, kituo cha kupoza umeme, pale umeme wa volti kubwa unaposhushwa ili ugawiwe kwa watu. Kuna wanaokitaka mpaka wanalia na kuna walioamka asubuhi wakakuta vigingi vyekundu shambani. Nimechukua chache, nyingine nimejibu kwa kirefu nyingine kwa mistari miwili, mhariri ni bahili wa nafasi na mi nshastaafu siwezi kugombana na mtu.

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, Igurusi

*Shikamoo mzee. Nina mota ya hosipawa 40, nakoboa mpunga hapa Igurusi. Ukifika msimu mashine zote zinawashwa, umeme unakuwa mdogo mpaka taa zinawaka nyekundu kama kaa la moto, mwaka huu nimeunguza mota mara mbili. Tumeomba transfoma kubwa tukaambiwa shida sio transfoma, tusubiri kituo. Hii si danadana tu mzee?*

Marahaba mwanangu, na pole. Kusuka mota mara mbili msimu mmoja najua imekula faida yote.

Aliyekwambia shida sio transfoma hajakudanganya, ila kakujibu nusu akaondoka. We upo Usangu bwana, mfereji unaujua kuliko mimi. Maji yametoka banio, pale mtoni yanapoingilia mferejini, wa juu kafungulia, wa katikati kafungulia, we jaruba lako liko mwisho kabisa. Sasa hata ukipanua mlango wa jaruba ukawa mpana kama geti la shule maji hayaji, yameishia njiani. Transfoma ya kwenye nguzo ndo huo mlango wa jaruba. Mfereji wenyewe ni ile laini ya kilovolti 33 inayotoka kituoni ikapita vijiji na vijiji mpaka ikufikie, sisi mafundi tunaiita fida, na kituo cha kupoza ndo banio.

Hesabu kidogo, usiogope. Chukua fida ya kilomita 80, waya wa alumini wa milimita mraba 100, mwisho wake kuna mashine zinazokula megawati 5. Umeme unatoka kituoni na volti 33,000, ukifika kwenu umebaki kama 27,000, hizo nyingine zimeishia kwenye waya wenyewe. Transfoma inagawanya kile ilicholetewa tu, kwahiyo badala ya 230 kwenye soketi unapata 190 hivi. Na mota haisamehi, nguvu yake ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti, maana yake kwenye 190 inabaki na kama asilimia 68 ya nguvu zake wakati mpunga kwenye hopa ni ule ule, basi inavuta ampea nyingi kufidia, inachemka, vanishi inaungua, tayari unamtafuta fundi. Ungeletewa transfoma mara tatu ya hiyo ungepata 190 ile ile.

Kituo kinatibu kwa sababu kinasogeza banio karibu na wewe. Umeme unasafiri njia ndefu ukiwa kwenye kilovolti 220, ambako mzigo ule ule unapita kwa ampea chache sana, unapozwa karibu na mashine zenu, alafu fida inakuwa ya kilomita 10 au 15 sio 80. Upotevu kwenye waya unafuata mraba wa ampea, kwahiyo kwa waya ule ule na mzigo ule ule ukitumia 220 badala ya 33 upotevu unapungua mara 44. Arobaini na nne, sijakosea kuandika.

Sasa nisikilize hapa. Mpangaji wa umeme haoni taa zenu nyekundu, anaona namba. Anachukua lodi ya juu ya fida, yaani umeme mwingi kabisa unaovutwa kwa pamoja, maombi mapya yaliyoandikwa, ukuaji wa miaka iliyopita, anakadiria miaka 10 au 20 mbele. Na nyie wenye mashine umeme ukilegea mnawasha jenereta, kwenye mita mnasomeka kama watu ambao wala hawauhitaji umeme! Lodi ambayo haijaandikwa, kwa mpangaji haipo. Kaeni wenye mashine wote mtengeneze orodha, huyu hosipawa 40, yule 60, msimu unaanza mwezi gani unaisha mwezi gani, nani alitaka kuongeza mashine akashindwa. Mashine 60 za hosipawa 40 ni karibu megawati 1.8, hiyo kwenye meza ya mipango inasomeka vizuri kuliko barua ya malalamiko yenye sahihi mia. Pelekeni ofisi ya umeme ya wilaya na nakala yenu igongwe muhuri. Wakati mnasubiri ulizieni kuhusu regyuleta ya volti na makapasita ya kwenye laini, ni vifaa vya kuinua volti, vinasogeza siku. Na we mwenyewe funga kinga ya volti ndogo kwenye stata yako, hiyo swichi ya kuwashia mota, umeme ukishuka mota inajizima yenyewe kabla haijajichoma.

Kijana wa Vwawa

*Mzee mambo. Huku kituo tunaahidiwa kila ukifika wakati wa kura. Naomba uniambie ukweli, nani hasa anapitisha kituo kijengwe? Diwani, mbunge, meneja wa mkoa au waziri?*

Mambo? Haya, poa. Enzi zetu mzee alikuwa anaamkiwa lakini twende hivyo hivyo.

Hakuna mtu mmoja anayeamka asubuhi akasaini kituo kikatokea. Kinapita milango, na kila mlango una mtu wa kusema ngoja kwanza. Mlango wa kwanza ni mpango kabambe wa kuendeleza mfumo wa umeme wa nchi, Wizara ya Nishati ndo inautoa na inaupitia upya, kuna toleo la 2016 na la 2020. Humo wanapima mikoa inahitaji nini, umeme utatoka wapi, utapita laini ipi. Kituo ambacho hakimo humo wala kwenye mradi kama Gridi Imara, ule wa kuimarisha gridi ya taifa, bado ni stori ya jukwaani, hata kama aliyeitoa alishangiliwa na vuvuzela.

Ukivuka hapo unakuja upembuzi yakinifu. Watu wa mipango wanajiuliza lodi ipo kweli au ni ya kufikirika, je hakuna njia ya bei nafuu kama kuvuta fida ya pili au kubadili waya uwe mnene, na je transfoma moja ikilala nyingine itabeba mzigo. Hilo la mwisho ndo linafanya uone vituo vingi vina transfoma mbili hata kama moja ingetosha kwa leo, sio ufahari ni bima. Baada ya hapo usanifu wa kina, alafu hela, na kwenye hela ndo safari nyingi zinalala. Kama ni hela ya ndani lazima iwe kwenye bajeti ya wizara inayopitishwa Bungeni kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Kama ni mkopo ni mlolongo mwingine. We uko Songwe, mfano unao mlangoni, ule mradi wa kuunganisha gridi yetu na Zambia, laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kuja Mbeya, Tunduma mpaka Sumbawanga, kilomita zaidi ya 600, na vituo vya Kisada, Iganjo, Nkangamo na Malangali. Benki ya Dunia ilipitisha hela yake 2018, Wafaransa na Umoja wa Ulaya nao wamo, na kati ya hela kupitishwa na vyuma kusimama ardhini imepita miaka. Sio uzembe wote huo, transfoma za ukubwa huo hazipo dukani, zinatengenezwa kwa oda, unasubiri zaidi ya mwaka, zinapimwa kiwandani ndo zinapanda meli.

Katikati hapo kuna mlango wa mazingira, na huu naomba uukariri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi kama huu ufanyiwe tathmini ya athari. Unasajiliwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mshauri aliyesajiliwa anakuja kwenu, anaitisha mkutano, anaandika nani kasema nini, ripoti inapitiwa na wataalamu, alafu ndo cheti cha mazingira kinatoka. Ule mkutano ndo sehemu ambayo mtu wa Vwawa asiye na cheo anaingiza neno lake kwenye karatasi itakayosomwa mpaka juu. Lakini wengi wanauona kama mkutano wa soda, wanakuja kusaini posho wanaondoka, wengine hawaji kabisa, alafu tingatinga likifika ndo wanaanza kukimbilia kwa mkuu wa wilaya. Manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST siku hizi, vibali vya ujenzi na matumizi ya ardhi vinapita halmashauri, hayo hayana maneno mengi.

Diwani na mbunge wana kazi yao, wanaweza kusukuma, mbunge anaweza kuuliza Bungeni na jibu la waziri likaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, hiyo ni silaha. Ila atakayekuja tena kuahidi we muulize hivi tu, kituo hicho kipo kwenye mpango upi, na sasa hivi kimefika mlango wa ngapi? Angalia uso wake.

Mama wa migomba, Rungwe

*Kaka ugonile. Wamekuja vijana na mashine za kupimia, wameweka vigingi kwenye migomba yangu na miparachichi, wanasema ni ya kituo na njia ya nyaya. Wamechora X kwenye nyumba ya mwanangu. Hapo hapo nyuma ya nyumba amelala marehemu baba yao na mama mkwe wangu. Nikiuliza naambiwa ni mradi wa taifa nisiwe na wasiwasi. Nifanyeje kaka?*

Ndaga dada. Hiyo ya nisiwe na wasiwasi ndo inanitia wasiwasi mimi.

Kwanza tulia kidogo. Vigingi vya sevei sio hukumu. Mara nyingi wanapima njia mbili tatu alafu wanachagua moja, na kuchagua huko kunaangalia pia nyumba ngapi na makaburi mangapi yataguswa, maana kila kitu kinacholipiwa fidia kinaongeza gharama ya mradi. Kwahiyo nenda sasa, kabla hawajachagua. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, uliza mradi unaitwaje, nani kautuma, barua ya kuutambulisha iko wapi, na mkutano wa tathmini ya mazingira ni lini. Siku ya mkutano simama useme hapa kuna makaburi mawili na nyumba, laini isogee kama inawezekana. Sema kwa sauti alafu ngoja uone katibu anaandika. Nimeshaona laini ikapinda kidogo kwa ajili ya kanisa, sasa kwanini isipinde kwa ajili ya bibi.

Kama ardhi yenu ni ya kijiji, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa ajili ya mradi wa umma lazima taarifa itolewe, na eneo likiwa halizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndo unaokubali au kukataa. Kituo hakifiki hekta 250 dada, ni hekta chache tu. Na sheria hiyo hiyo inataka fidia ya aina gani, kiasi gani na italipwa lini viwe vimekubaliwa kwanza. Sikudanganyi kwamba mtaizuia serikali, ipo pia Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ambayo ni kali, lakini kijiji chenye muhtasari wa kikao uliokaa vizuri kinasikilizwa tofauti na kijiji chenye kelele.

Ikifika kwenye uthamini, uwepo mwenyewe. Usimtume mtoto wa darasa la saba akashike kibao cha namba apigwe picha. Hesabu na mthamini shina kwa shina, migomba mingapi, miparachichi mingapi na ina umri gani, mti unaozaa hauwezi kuwa sawa na mche. Ndani ya fidia kuna ardhi kwa bei ya soko, kuna majengo, kuna mazao ya kudumu, alafu kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na kwa nyumba inayokaliwa kuna posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, na kama mwanao ana duka hapo kuna faida itakayopotea, nayo ni ya miezi 36 ila wanataka hesabu za kuonekana, sio za kichwani. Kabla ya kusaini fomu isome yote, kama hujui kusoma tafuta mtu unayemwamini, kisha chukua nakala. Piga picha na simu.

Na ukiona jirani anapanda miche mia mbili ya parachichi usiku baada ya uthamini kufungwa mwambie apumzike, kilichopandwa baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi, atakuwa amenunua miche bure.

Muda nao ushike. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, ikipita hapo inaanza riba, na miaka 2 ikiisha hujalipwa ule uthamini umekufa unatakiwa urudiwe. Kuna watu wamekaa na X ukutani miaka, hawapaki rangi, hawaezeki, hawapangishi, wanaogopa. Kama kiasi hukubaliani nacho una haki ya kupinga mpaka mahakamani, lakini hapo ndo zile nakala zitaongea.

Kuhusu waliolala nyuma ya nyumba. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ipo tangu 1969, haisemi wafukue tu usiku. Familia inapewa taarifa, na gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya pamoja na ibada au tambiko inayoambatana na kuhama huko zinalipwa na anayetwaa. Kaeni ukoo mzima mkubaliane nani atasema kwa niaba yenu, wapi watahamia, nani ataomba. Hilo msiliache lije kuamuliwa siku gari limeshafika na wale wa Dar hawajaambiwa, mnajua kitakachofuata.

Mwalimu, Njombe vijijini

*Nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya kijiji chetu usiku zinalia wooo, sisi tunasoma kwa sola. Kwanini wasitoboe tu pale tuchukue kidogo?*

Kamwene mwalimu. Swali hili nimeulizwa tangu nikiwa kijana napanda nguzo.

Ile ni kilovolti 220, ni barabara kuu isiyo na vituo vya daladala. Kushuka hapo mpaka 230 ya kwenye taa yako kunahitaji kwanza kituo cha kuipoza iwe 33, na kituo sio transfoma tu, ni breka za kukata umeme hitilafu ikitokea, swichi, vifaa vya kupima, jengo la mitambo ya kinga, betri na mawasiliano. Huwezi kuweka hayo yote kwa kijiji kimoja chenye lodi ya redio na taa, ingekuwa kama kujenga stendi ya mkoa ili ashuke abiria mmoja. Na ukitoboa vibaya hitilafu ya kijijini kwako inazima mikoa mitatu.

Ila inapowezekana inafanyika. Laini ya Makambako kwenda Songea, kilovolti 220 na kilomita kama 250, ilijengwa na kituo katikati pale Madaba kingine Songea, Waswidi walichangia hela. Kabla ya hapo Songea ilikuwa inaishi kwa majenereta ya dizeli. Kwahiyo unachotakiwa kuuliza mwalimu sio kutoboa, uliza kituo cha karibu kiko wapi na fida yake ya 33 inakuja upande wenu lini, hiyo mara nyingi ni kazi inayopita kwa REA, wakala wa umeme vijijini. Orodha ya vijiji na vitongoji vya mradi ipo, ombeni muione.

Mwenye kiwanda cha mbao, Mafinga

*Kwanini kituo kiwekwe kwenye mashamba ya watu wakati Sao Hill msitu wa serikali umejaa? Wakawekee huko ndani hakuna wa kulipwa.*

Mfanyabiashara umepiga hesabu ya fidia ukasahau nyingine. Kituo kinataka kuwa karibu na lodi, na kiwe karibu na laini kubwa inayopita, kila kilomita unayokikimbiza porini unajenga kilomita ya laini kukifuata na kilomita ya fida kurudi mjini, na mkuza wake, ile njia ya wazi chini ya nyaya, haukai miti, kwahiyo hao paini utawakata pia. Msitu wa paini unaungua, we unajua kiangazi kinavyokuwa, na moshi mzito chini ya nyaya unatosha kuzitoa cheche mpaka laini ikajizima. Alafu kiwe tambarare pasipotuama maji, udongo upimwe kama unapitisha umeme vizuri maana radi za huku kwetu sio za kitoto, zinahitaji mahali pa kwenda, na ule wavu wa shaba wanaouzika chini ya kituo chote hauna kazi kwenye udongo mkavu wa kokoto.

Na kuna barabara. Watu wanasahau barabara! Transfoma ya kituo inavuka tani 50 kirahisi hata kabla hujaitia mafuta, inakuja na lobedi, lile trela la chini chini la mizigo mizito, kutoka bandarini, na kuja huku lazima ipande mlima Kitonga. Mi nimewahi kusubiri pale chini na mzigo wa namna hiyo, polisi mbele polisi nyuma, malori yamejipanga mpaka Ruaha Mbuyuni, dereva anapanda kama mwendo wa kinyonga na sisi wote tumeshika roho mkononi utafikiri anazaliwa mtoto. Ukishavuka Kitonga salama alafu wanakwambia saiti iko kilomita 18 ndani kwenye barabara ya udongo yenye daraja la magogo, unakaa chini unacheka. Kwa kwenda Mbeya bado hujakutana na mlima wa Inyala. Kwahiyo saiti nyingi utaziona kando ya barabara kuu, na kando ya barabara kuu ndo watu walipo pia.

Mwanafunzi, Mbeya mjini

*Tumepanga karibu na kituo. Unasikika mlio muda wote na watu wanasema mionzi inaleta kansa. Tuhame?*

Mlio kwanza. Ndani ya transfoma kuna bati nyembamba za chuma zilizopangwa, umeme wa mzunguko wa 50 unazivuta na kuziachia mara 100 kwa sekunde, ndo hiyo mmm unayoisikia. Haina madhara ila inakera, na kwenye tathmini ya mazingira kelele ni kitu kinachopimwa, mnaruhusiwa kuomba ukuta au miti. Ukisikia imebadilika ghafla ikawa ya kupasuka pasuka toa taarifa, usiende kuchungulia.

Kansa. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka uga wa sumaku wa umeme kwenye kundi la 2B, maana yake inawezekana ikawa inasababisha, ushahidi ni mdogo, hasa ulitoka kwenye tafiti za leukemia, saratani ya damu, kwa watoto. Usinywee hapo chai ukalala, lakini pia usikimbie. Kundi hilo hilo kahawa ilikaa tangu 1991 kwa ajili ya kibofu mpaka ilipotolewa 2016, na Mbozi hawakung'oa mibuni. Kipimo cha kimataifa cha kulinda watu wa kawaida kwa umeme wetu wa hezi 50 ni maikrotesla 200 kwa miongozo ya 2010, na uga unashuka haraka ukiondoka kwenye chanzo, nje ya uzio wa kituo mara nyingi kinachochangia zaidi ni nyaya zinazoingia na kutoka kuliko mashine zenyewe. Dirisha lako likiwa chini kabisa ya nyaya hizo, hapo hata mwenye nyumba hakutakiwa kujenga, ni mkuza. Ukiwa ng'ambo ya barabara soma mtihani wako.

Ulichotakiwa kuogopa ni uzio wenyewe. Wenzenu wanafuata mpira uliorukia ndani. Kule huhitaji kugusa kitu, ukisogea tu umeme unakurukia. Zile kokoto ulizoziona zimemwagwa kote ndani sio urembo, zinakinga miguu ya mafundi pale hitilafu inapopeleka umeme ardhini, na wao wana viatu na mafunzo, mfuata mpira hana.

Bibi wa duka, Ilula

*Kituo kikija bei ya luku itapanda?*

Kituo hakipandishi bei, bibi. Bei ya umeme inapitishwa na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwa nchi nzima, wa Ilula na wa Mbeya mkiwa kundi moja mnalipa sawa. Kama upo lile kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi utabaki nalo, ila umeme ukitulia ukanunua friji la pili la soda utatoka mwenyewe kwenye kundi, usije ukasema ni kituo.

Asiyetaka kutajwa, Tunduma

*Mzee kuna jamaa wanauza mafuta ya transfoma, wanasema ni mazito mazuri hayaishi haraka kwenye karai, na wengine wanachulia mgongo. Ni kweli ni salama? Hata chipsi za stendi wanakaangia hayo.*

Sio salama na ni ya wizi, hakuna transfoma inayotoa mafuta kwa hiari. Yale ni mafuta ya madini, kazi yake ni kupoza koili na kuzuia umeme usiruke, hayakutengenezwa yaingie tumboni wala yapakwe ngozi. Na kwenye transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali zinaitwa PCB, zilipigwa marufuku na mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu haziozi, zinakaa kwenye mafuta ya mwili miaka, na hizo zenyewe zimeshathibitishwa ni za saratani, sio inawezekana tena. Alafu transfoma iliyonyonywa mafuta inachemka inaungua, kijiji kinakaa giza kinaanza kulalamika kinataka kituo. Toa taarifa kwa mtendaji au polisi, jina lako halitatoka.

Na hizo chipsi za stendi ulizozitaja mwishoni mwa barua, mi nilikuwa mteja wa pale kila nikipita Tunduma. Siku hizi nitaomba ndizi ya kuchoma.